Nyanya alikuwa na madaktari watatu, na hakuna aliyemjua mwenzake

Simu ililia saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nyinyi wenyewe mnajua simu ya saa hizo. Hakuna mtu wa nyumbani anayekupigia alfajiri ili akujulie hali. Nikaona ni shangazi, moyo ukapiga paa.

"Nyanya yako haongei vizuri," akaniambia. "Ametoa jasho mpaka leso imelowa, na ananiita jina la marehemu dada yake."

Mimi nakaa Kisauni, Mombasa. Nyanya yuko kijijini, upande wa Kaloleni. Hata ningepata matatu ya kwanza kabisa ya kupitia Mazeras, ningefika jua limeshatoka. Kwa hivyo nilibaki nimeketi kitandani, simu sikioni, nikisikiliza watu wakihangaika katika chumba ambacho nililala utotoni. Shangazi alidhani ni presha imepanda. Jirani mmoja akasema ni kiharusi. Mwingine akaanza kutafuta gari.

Aliyeokoa asubuhi ile ni jirani wa nyumba ya tatu, mama wa makamo mwenye mkoba begani. Yeye ni mhamasishaji wa afya ya jamii. Aliingia, akamdunga nyanya kidole, akasoma mashine: 2.3. Kama una mgonjwa wa kisukari nyumbani, umeshaelewa. Chini ya 3.9 sukari imeshuka, na 2.3 ni ya kukimbia. Akahakikisha kwanza kwamba nyanya bado anaweza kumeza, kisha akaagiza chai ya rangi yenye sukari nyingi, akamnywesha polepole. Baada ya robo saa akapima tena. Imepanda.

Nikasikia kwa simu sauti ya nyanya, dhaifu lakini ni yake: "Mbona mmejaa chumbani kwangu? Kuna msiba?"

Nililia. Sina haya kusema.

Yule mama hakukubali nyanya alale tena. Alisema sukari ikishushwa na dawa inaweza kushuka mara ya pili, kwa hivyo lazima aende hospitali akaangaliwe. Na kabla ya kuondoka akauliza swali ambalo, katika miezi minane ya kuzunguka na nyanya, hatukuwa tumelisikia kwa mtu yeyote: "Dawa zake zote ziko wapi? Leteni mfuko mzima."

Shangazi akaleta mfuko, akaumwaga juu ya mkeka. Karatasi za kaki, pakiti, chupa, vidonge vilivyochomoka. Yule mama akavipanga kimoja kimoja. Akachukua pakiti mbili, akaziweka kando. "Mimi si daktari," akasema, "lakini hizi mbili zinanitia wasiwasi. Nendeni nazo."

Alikuwa sawa. Hospitalini walieleza kwamba moja ilikuwa glibenklamidi, nyingine glimepiridi. Majina tofauti, rangi tofauti, bei tofauti, lakini ni ndugu wa tumbo moja: zote mbili zinausukuma mwili utoe insulini zaidi ili sukari ishuke. Mgonjwa hupewa moja, si zote mbili. Nyanya alikuwa akimeza zote, kila siku, kwa karibu wiki tatu. Usiku ule tumbo lilikuwa linamsumbua, akala vijiko viwili vya uji tu, akalala.

Sasa wacha niwaambie tulifikaje hapo, manake hakuna mtu aliyemtakia mabaya.

Nyanya alikuwa anaenda zahanati ya kijijini kwetu kwa miaka. Pale anajulikana. Muuguzi anamuita mama, anamuuliza kuhusu mbuzi zake. Dawa ya kwanza alipewa huko. Mwaka jana sukari ikakataa kushuka, muuguzi akamwandikia barua ya rufaa aende hospitali kubwa. Barua ile ina sehemu ya chini ambayo hospitali inafaa kujaza na kurudisha: tumemwona mgonjwa wako, tumempata na hili, tumempa hili, wewe endelea na hili. Hospitalini barua ikachukuliwa dirishani, akafunguliwa faili jipya, akapimwa kila kitu upya kana kwamba amezaliwa siku ile. Akaongezewa metfomini na kuambiwa arudi baada ya miezi mitatu. Ile sehemu ya chini haikurudi zahanati. Hadi leo sijui iko wapi.

Miezi mitatu ikaisha, tukarudi. Foleni ikatushinda. Tulifika saa moja asubuhi, saa nane mchana tuko kwenye benchi lilelile, na nyanya hajala. Mimi ndiye niliyekuwa naye siku hiyo. Nikachoka, nikakasirika, nikasema kelele za nini, pesa ninazo za video mbili tatu, twende kliniki ya kibinafsi tumalize hii maneno.

Tukaenda. Kliniki safi, kiti laini, dakika ishirini tuko mbele ya daktari. Daktari akauliza, tena kwa upole: "Mama anatumia dawa gani kwa sasa?"

Nikajibu mimi. Nyanya alikuwepo, ana kinywa chake, lakini nikajibu mimi. Nikasema, "Ya presha, na hii metfomini aliyopewa hospitali."

Ile ya zahanati sikuijua. Sikuwahi kuuliza. Kitabu chake cha zahanati, lile daftari la mraba lenye jalada lililochanika, kilikuwa kijijini chini ya godoro. Na nyanya alinyamaza kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, aliogopa daktari wa mjini angemkemea kwamba bado anakula "dawa za bure". Daktari akaandika dawa mpya kulingana na nilichomwambia. Alifanya kazi yake. Muuguzi wa zahanati alifanya kazi yake. Hospitali nayo ilifanya kazi yake. Kila mmoja alishika kipande chake cha nyanya vizuri kabisa, na nyanya mzima hakushikwa na mtu.

Nilibaki na hasira kwa wiki nzima, natafuta wa kumlaumu. Nikiangalia kila mlango, naona na kidole changu mwenyewe kipo.

Na kuna jambo lingine ambalo lazima niliseme kwa sababu baadhi yenu mnalikumbuka. Septemba 2023, serikali ilipowapa wahamasishaji wa afya wapatao laki moja mikoba ya kazi, yenye mashine za kupima presha na sukari, mimi nilitengeneza video ya kuwachekesha. Nilijifunga leso kiunoni, nikabeba begi la shule la mpwa wangu, nikazunguka mtaani nikiitana "daktari wa mkoba amefika!" Mlicheka. Ilipata watazamaji wengi kuliko video zangu zote za mwaka ule. Nimeifuta. Si kwamba kuna mtu amenishurutisha. Siwezi tu kuiangalia tena bila kusikia ile sauti kwenye simu ikisema, "Leteni mfuko mzima."

Tangu siku hiyo nimekuwa nasoma na kuuliza watu. Nikagundua kitu kilichonishangaza: hii shida yetu haijafichika. Tunaijua, na kwa karatasi tumeshaitibu.

Huduma za afya Kenya zimepangwa kwa ngazi sita. Ya kwanza ni nyumbani kwako, ndipo mhamasishaji anapofanya kazi. Ya pili ni zahanati. Ya tatu ni kituo cha afya. Ya nne na ya tano ni hospitali za kaunti, na ya sita ni zile kubwa za kitaifa. Tangu Katiba ya 2010, sehemu kubwa ya hizi ngazi ziko mikononi mwa kaunti. Ukiangalia ngazi kwa macho ya kawaida, mtu anapanda na anashuka. Mgonjwa anatumwa juu shida ikizidi, na shida ikitulia anarudishwa chini, kwa watu wanaomjua, karibu na kwake.

Kwetu sisi ngazi ina vidaraja vya kupanda tu. Kushuka unaruka mwenyewe.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa mtandao wa huduma za msingi: hospitali moja inakuwa kitovu, na zahanati na vituo vya eneo hilo vinaunganishwa nayo kama njiti za gurudumu la baiskeli. Wahamasishaji wako ndani ya mpango huo. Wataalamu wa kitovu wanafaa kushuka mashinani, si kungoja wagonjwa wapande. Wakati uleule ikapitishwa pia Sheria ya Afya ya Kidijitali, ili rekodi ya mgonjwa isibaki kwenye daftari chini ya godoro. Na tangu Oktoba 2024 tulipotoka NHIF tukaingia SHA, kuna mfuko maalum wa kulipia huduma za ngazi za chini ili mtu atibiwe zahanati na kituo cha afya bila kutoa pesa mfukoni.

Ukisoma haya yote unajiuliza, kwani nyanya yangu alianguka katikati ya nini?

Alianguka katikati ya mtu na mtu. Sheria inaweza kuunganisha majengo. Haiwezi kumlazimisha mtu aliyechoka, mwenye wagonjwa sitini nje, ajaze sehemu ya chini ya barua kama hakuna anayemuuliza kuhusu sehemu hiyo. Nilimuuliza muuguzi wa zahanati yetu kwa nini hakupiga simu hospitali kuuliza nyanya aliendeleaje. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtoto. "Nimpigie nani?" akasema. "Kwa simu ya nani, kwa salio la nani? Mimi hapa niko peke yangu. Naandika chanjo, nazalisha, natoa dawa, na ripoti ya mwisho wa mwezi inaniuliza nimeona wangapi. Hainiulizi waliofika kule niliowatuma ni wangapi."

Hilo neno limenikaa. Tunahesabu waliopita mlangoni. Hatuhesabu waliofika.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu tunayo mifano hapahapa Kenya. Angalia kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Mama mjamzito anaanza kliniki kijijini, anajifungulia hospitali mjini, mtoto anachanjwa kwingine kabisa alikohamia, na kile kijitabu kinamfuata. Muuguzi yeyote akikifungua anajua mtoto amepata chanjo gani na imebaki gani. Mama zetu wanakitunza pamoja na kitambulisho na kadi ya ubatizo. Hakuna intaneti ndani yake. Ni karatasi tu, lakini kila mtu amekubaliana kwamba ni lazima iandikwe na ni lazima iulizwe.

Angalia kifua kikuu. Ukipatikana na TB, jina lako linaandikwa, dawa zako zinafuatiliwa, waliokaa na wewe nyumbani wanatafutwa wapimwe, na ukikosa kuja kuchukua dawa kuna mtu atakutafuta. Angalia kliniki za watu wanaoishi na HIV. Ukikosa tarehe yako, simu inalia. Hayo yote yalijengwa kwa sababu mtu fulani aliamua kwamba mgonjwa huyu hatapotea katikati ya milango miwili.

Mgonjwa wa sukari naye ni wa maisha, kama hao wengine. Mgonjwa wa presha vilevile. Kwa nini wao waachwe wajibebee habari zao kichwani, tena kichwa cha mzee wa miaka sabini na kitu ambaye amefundishwa toka utotoni kwamba daktari haulizwi na wala hajibiwi?

Sasa mimi si daktari, wala sina kiti popote serikalini. Ni kijana wa simu na taa ya kurekodia. Lakini nimekaa kwenye mabenchi hayo vya kutosha, kwa hivyo acheni niseme ninachokiona.

Kwanza, barua ya rufaa irudi. Ipigwe picha, itumwe kwa simu, ipewe mgonjwa mkononi, vyovyote. Lakini hospitali isihesabiwe kwamba imemaliza na mgonjwa mpaka zahanati iliyomtuma ijue alichopewa. Na hospitali zikaguliwe kwa hilo, kama zinavyokaguliwa kwa mambo mengine.

Pili, mhamasishaji apewe habari. Kama mzee wa eneo lake ametoka hospitali na dawa mpya, yeye awe wa kwanza kujua, si wa kwanza kuitwa alfajiri. Yeye ndiye anayejua nani hana chakula usiku, nani hajui kusoma, nani anagawana dawa na jirani. Na tafadhali, alipwe kwa wakati. Walipoajiriwa waliahidiwa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hiyo si pesa ya kumtajirisha mtu. Ukiichelewesha, unamwambia mtu anayekesha na wagonjwa wetu kwamba kazi yake ni hisani. Ni kweli wana programu ya simu ya kuandikia wanachokiona nyumbani kwa watu. Basi wanachoandika kimfikie muuguzi na kirudi na jibu, kisiishie juu kwenye takwimu.

Tatu, kliniki za kibinafsi ziwe ndani ya mazungumzo haya. Tunajifanya kana kwamba wagonjwa wanachagua upande mmoja, serikali au binafsi. Wapi! Watu wanazunguka kote. Dawa zikiisha kwa serikali unaenda kwa duka la dawa. Pesa zikiisha unarudi serikalini. Mwili ni uleule.

Nne, na hii ni yetu sisi wajukuu na watoto. Acheni nianze na mimi. Nilidhani kumpenda nyanya ni kumtumia pesa na kumpeleka mahali penye kiti laini. Nilimtoa kwenye foleni nikamwingiza kwenye hatari, kwa sababu nilijua nauli yake lakini sikujua dawa zake. Ningekuwa nimekaa naye chini dakika kumi tu, nikamuuliza, "Nyanya, hebu nionyeshe unachokula asubuhi na unachokula jioni," tusingefika pale.

Siku hizi ana daftari moja. Moja tu, jalada gumu, limefungwa kwa mpira pamoja na barua zake. Ukurasa wa kwanza nimeandika kwa herufi kubwa dawa zake zote na saa zake. Akienda zahanati linaandikwa humo, akienda hospitali linaandikwa humo. Daktari mmoja alitaka kufungua jipya, nyanya akamwambia, "La, mwanangu, andika hapa hapa, wenzako wako humu." Nilipoambiwa nilicheka mpaka machozi.

Yule jirani mwenye mkoba hupita kila Jumamosi jioni. Anapima sukari, anapima presha, anahesabu vidonge, anakunywa chai. Nilimtafuta nikamwomba msamaha kuhusu ile video. Kumbe alikuwa ameiona. Mwanawe ndiye aliyemwonyesha. Nikangoja anikaripie. Akaniambia, "Ulinichekesha kweli. Ila begi lile ulilibeba vibaya. Mashine ingevunjika."

Halafu akanipa kazi. Ana nyumba zipatazo mia moja anazozizungukia, na nyingi zina mzee mwenye mfuko kama ule wa nyanya. Akaniambia, "Wewe una watu wengi wanaokusikiliza. Waambie wapige simu nyumbani."

Ndio hii nawaambia. Leo jioni, kabla hujalala, piga simu nyumbani. Usiulize tu "mko salama?" kwa sababu watasema wako salama, wazee wetu ndivyo walivyo. Mwambie aliye karibu naye alete mfuko wa dawa, aumwage juu ya mkeka, akusomee jina moja moja. Andika. Kisha uulize kila moja ilitoka wapi.

Na ukipata mbili zinazofanana, au moja ambayo hakuna anayekumbuka ni ya nini, usimwachishe dawa wewe mwenyewe. Mwambie abebe mfuko wote, kesho asubuhi, aende nao zahanati. Aingie na aseme, "Nimekuja na zote."